Gari Lililo Juu ya Jeki Bado Halijasimama

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, ndugu wajumbe, wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Na ninyi akina mama mliobaki hapa baada ya usafi wa Jumamosi, jua limeshapanda na majumbani kuna kazi zinawasubiri, asanteni sana.

Mwenyekiti alipokuja kwangu alisema, "Fundi, siku hizi Jumapili ukipita mtaani unaona miguu imetokeza chini ya gari kila nyumba ya tatu. Njoo uwaambie watu neno." Miguu hiyo nami nimeiona, na mingine naijua ni ya nani. Wengi wenu hapa Kigamboni mmenunua IST, Vitz, Passo, Noah, gari iliyotumika Japani, na mkishalipia ushuru hakibaki cha kumpa fundi kila mwezi. Kwa hiyo mnajifunza kwenye simu. Mnamwaga oili wenyewe, mnabadilisha padi za breki, wengine mmefika hadi kwenye shokapu. Jambo hilo linanifurahisha kweli. Mtu anayelijua gari lake halipeleki barabarani likiwa bovu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi leo nazungumzia huko mvunguni, na namna ya kuinama ukainuka tena.

Tuanze na uzito, kwa sababu naona watu wanalidharau gari dogo. IST ina takriban tani moja. Injini na gia boksi viko mbele, kwa hiyo mbele ndiko kuzito zaidi. Tuseme kilo 600 mbele, 400 nyuma. Gawanya 600 kwa tairi mbili, kila kona ya mbele ina kilo 300. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hiyo kona moja ya gari dogo kabisa ni mifuko 6 ya saruji, na haishuki mfuko mmoja mmoja. Noah ni tani moja na nusu hivi. Prado inapita mbili.

Mwaka 1994 nilikuwa mwanagenzi kwenye gereji moja ya chini ya mwembe. Tulikuwa vijana wanne tunaojifunza, na mmoja wetu tulitoka naye kijiji kimoja, tulilala chumba kimoja. Siku hiyo tulikuwa tunashusha gia boksi ya pikapu ili tubadilishe klachi. Upande mmoja tuliweka jeki ya chupa chini ya chesisi, upande wa pili matofali ya saruji mawili, moja juu ya jingine. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kila siku, na kila siku gari lilikaa. Mwenzangu aliingia uvunguni. Kuna bolti moja ilikuwa imegoma, akachomeka bomba kwenye spana apate nguvu, akavuta.

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, naosha vipuri kwenye karai. Sikusikia mtu akipiga kelele. Nilisikia mlio mdogo, kama chungu kimeanguka sakafuni, nikageuka nikaona pikapu imekaa chini kuliko ilivyokuwa. Hakupiga kelele kwa sababu hakuweza. Krosimemba, boriti la chuma linalokatiza chini ya gari, ilikuwa imemkalia kifuani, na kifua kikibanwa hakipandi, hewa haiingii, hata mbavu zikiwa nzima. Tulikimbilia pale watu wanane, tukalishika gari kwa mikono upande mmoja, tukainua, mwingine akamvuta miguu. Aliishi. Mkono wake wa kushoto haukurudi ulivyokuwa, na ufundi aliuacha mwaka huohuo. Tulikuwa wanane. Ingekuwa Jumapili, na yeye yuko peke yake nyuma ya nyumba, redio inaimba ndani na watoto wanacheza barazani, nani angejua?

Nimesimulia kwa sababu huwa nasikia watu wakisema ajali haina kinga. Ziko ajali ambazo sijui kinga yake. Hii ninaijua, tena ni vyuma viwili vinavyokaa kwenye buti.

Jeki mnazo za aina tatu. Iko ya mkasi, iliyokuja na gari. Iko ya chupa, wenye Hiace na Canter wanaijua vizuri. Na iko ile ndefu ya chini yenye magurudumu, ambayo mafundi wanaiburuta. Ya mkasi imeshikwa na parafujo moja, na kitako chake unakifunika kwa kiganja. Imetengenezwa kwa ajili ya pancha njiani: kona moja juu, badilisha tairi, shusha, ondoka. Hizo nyingine mbili zinanyanyua kwa mafuta. Unapopampu, mafuta yanasukumwa kutoka silinda nyembamba kwenda silinda nene, na mkono wa mtu mmoja unanyanyua tani. Mimi mpaka leo naona ni kitu cha ajabu. Lakini ukishaacha kupampu, jiulize ile tani inazuiwa na nini. Inazuiwa na sili ya mpira, na kigololi cha chuma kilichoziba tundu dogo. Sili ikichakaa, mafuta yanapenya. Chembe ya mchanga ikikaa kwenye kile kigololi, mafuta yanapenya. Na jeki haitoi taarifa. Inaweza kushikilia saa nzima na kuachia dakika ya sitini na moja.

Kwa hiyo lishikeni hili hata mkisahau mengine yote: jeki hunyanyua, haishikilii. Gari lililo juu ya jeki bado halijasimama. Liko njiani, ama linapanda ama linashuka, na kitu kilicho njiani hakilaliwi chini yake. Si kichwa, si mkono, si mguu, hata kama nati imebingirikia huko na unaiona.

Kinachoshikilia ni stendi. Ni mguu wa chuma wenye kitako kipana, na juu una kichwa chenye bonde katikati. Urefu wake unapangwa kwa meno, au kwa pini inayopitishwa kwenye tundu. Ndani yake hamna mafuta wala mpira, ni chuma kimekaa juu ya chuma. Stendi zinauzwa mbilimbili. Soma maandishi yaliyopigwa juu yake: nyingine tani zilizoandikwa ni za jozi, yaani zote mbili kwa pamoja, usije ukadhani kila moja inabeba hizo peke yake. Za tani mbili au tatu zinawatosha wenye magari madogo. Mimi napendelea za pini, kwa sababu pini naiona kwa macho imepita upande huu ikatokea upande wa pili. Za meno nazo ni nzuri, ila hakikisha jino limekaa mpaka mwisho kabla hujashusha mzigo. Mwaka 2020 kule Marekani kampuni moja ililazimika kurudisha stendi zaidi ya milioni moja ilizokwisha kuuza, kwa sababu meno yake hayakuwa yakishikana sawasawa na gari likitikiswa stendi iliweza kushuka ghafla. Ndiyo maana hata nikiwa na stendi nzuri bado natia kitu cha pili, nitakieleza.

Tofali sasa. Najua kila nyumba hapa kuna tofali lililobaki kwenye ujenzi, na jicho linakwenda hapohapo. Tofali la saruji linabeba nyumba kwa sababu kwenye ukuta uzito umesambaa juu ya uso wake wote. Ukingo wa gari unakaa kwenye mstari mwembamba, unaligusa tofali sehemu moja tu. Tofali likibanwa namna hiyo linapasuka mara moja, na kabla ya hapo halisemi kitu. Mbao inalia kwanza, inadidimia, unasikia inakwaruza, unapata nafasi ya kutoka. Basi kama leo huna stendi na kazi haiwezi kungoja, tafuta vipande vya mbao ngumu, mninga au mkongo, vinene vyenye urefu sawa, uvipange viwili hivi na viwili vikivuka juu yake, tabaka kwa tabaka, kimo kisizidi upana wa kitako. Waokoaji nao wanapanga mbao namna hiyo wanapozuia gari lililopinduka. Lakini usiifanye kuwa desturi. Stendi za kuchomelea za mtaani nazo nimeziona, nyingine zimechomwa vizuri tu. Ila weldi haionekani ndani, na hakuna aliyeipima, kwa hiyo sitamwambia mtoto wa mtu alale chini yake.

Halafu kuna ardhi. Huku kwetu ni mchanga, na mchanga una hila zake. Kitako cha jeki kinazama upande mmoja, jeki inalala, gari linateleza. Ile jeki ya magurudumu ina jambo la ziada ambalo watu hawalitazami. Mkono wake unapopanda hauendi wima, unakwenda kwa upinde, kwa hiyo jeki yenyewe lazima ijisogeze kidogo chini ya gari kadiri inavyopanda. Kwenye sakafu inajisogeza. Kwenye mchanga magurudumu yamezama, haiwezi, basi kichwa chake ndicho kinachoteleza kwenye chuma cha gari. Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa, hata ya barazani kwa jirani, umwombe. Ukikosa, tandaza ubao mpana mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Lami ya mchana wa jua nayo inalainika, stendi inaizamia. Na mteremko, hata mdogo, sahau.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye suala la gari kubingirika, kwa sababu hapa ndipo hata madereva wa miaka mingi wanapokosea. Handbreki ya gari nyingi tulizo nazo inakamata tairi za nyuma tu. Mtu anataka kufanya kazi nyuma, anavuta handbreki, anapiga jeki nyuma. Tairi zilizokamatwa ziko hewani, hazizuii chochote. Tena kama anabadilisha breki shuu za nyuma itabidi handbreki aiachie, maana ngoma haitoki. Gari limebaki limeshikwa na gia peke yake.

Mbele ni mtego zaidi. IST, Vitz, Passo za kawaida zinavutwa na tairi za mbele. Umeweka gia kwenye P, ile ya kuegeshea, unaamini gari limefungwa, na ni kweli, tairi zote mbili zikiwa chini. Nyanyua moja ya mbele. Difu, zile gia zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili, inairuhusu iliyo hewani izunguke huku, na iliyo chini izunguke kule. P ipo palepale, haijaguswa, na gari linatembea. Kinachobaki kulizuia ni handbreki, na handbreki za wengi wetu tunazijua, waya umelegea, unavuta mpaka juu ndiyo inakamata. Kwenye Hiace na pikapu zinazosukumwa nyuma, mtego huohuo upo ukinyanyua tairi moja ya nyuma.

Dawa yake ni kabari. Nenda kwa seremala na kipande cha mbao nene ya nne kwa nne, mwambie akikate mshazari. Utapata mbili, kata vipande viwili utapata nne. Kabari zinakaa kwenye tairi zinazobaki chini, moja mbele ya tairi na moja nyuma yake, zimebanwa mpaka zinagusa mpira. Jiwe la mviringo lenyewe linabingirika, halifai kabisa. Handbreki vuta, gia weka, lakini imani yako iweke kwenye kabari.

Kabla hujapiga jeki, legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, nusu mzunguko tu. Toyota nyingi ndogo nati zake ni namba 21. Nati iliyogoma inataka mtu aikanyage spana, na kukanyaga spana gari likiwa juu ni kulisukuma lianguke. Yaliyompata mwenzangu yalianzia kwenye bolti iliyogoma. Toa watu ndani ya gari, hata mtoto aliyelala. Na watoto wa nje nao wapelekwe mbali, maana mpini wa jeki kwao ni mchezo.

Unanyanyulia wapi? Chungulia ukingo wa chini wa bodi, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma. Utaona vikato viwili vimeachana kidogo. Katikati ya vikato hivyo bati limekunjwa mara mbili likaimarishwa, hapo ndipo pa kunyanyulia. Kitabu cha gari chako huenda kimeandikwa Kijapani, lakini mchoro wake unasomeka na kila mtu. Usinyanyulie kwenye sampu ya oili, ni bati jembamba. Wala gia boksi, wala bomba la eksozi, wala sakafu ya gari. Na kabla ya yote pitisha mkono uone kama hapana kutu. Sisi tunakaa na upepo wa bahari, na gari nyingine zilitoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi. Unaweza kukuta ukingo umepakwa rangi nyeusi safi, ndani umekwisha. Ukiutia jeki unaingia kama muwa uliooza.

Najua swali linalofuata: jeki ikishakaa kwenye vikato, stendi ikae wapi? Kwa mbele, tumia ile jeki ya magurudumu katikati, kwenye krosimemba, lile boriti la chuma linalobeba mikono ya tairi. Gari linapanda pande zote mbili, kisha stendi zinaingia kwenye vikato, kushoto na kulia. Kwa nyuma magari yanatofautiana, usibahatishe, uliza fundi anayelijua gari la aina yako akuonyeshe kwa kidole mara moja.

Stendi zikishakaa, shusha jeki polepole mpaka uzito wote uhamie kwenye stendi. Chungulia zote mbili: miguu yote imegusa chini? Kichwa kimekaa katikati? Halafu lisukume gari. Simama ubavuni, uweke mikono kwenye bodi, ulitikise. Kama litaanguka, lianguke sasa, wewe ukiwa umesimama nje. Likitulia, rudisha jeki iguse kidogo tu bila kunyanyua, ikae kama mlinzi. Na tairi ulilolitoa lilaze chini ya ukingo wa gari, karibu na pale utakapolala. Hicho ndicho kitu cha pili nilichowaahidi. Vyote vikishindwa, gari linakaa juu ya tairi na rimu, na chini yake inabaki nafasi ya kifua cha mtu. Sisi mwaka ule tairi tulikuwa nalo. Lilikuwa limeegemea mwembe.

Ukiwa uvunguni injini usiwashe. Usiwe peke yako nyumbani. Awepo mtu mzima anayekusikia, na ajue unafanya nini. Wakati wa kushusha, toa vifaa vyote chini, kaza nati kwa mkono, shusha, halafu uzikaze gari likiwa chini, kwa kuruka, moja huku na inayoielekea kule. Mwenye spana ya kupimia nguvu, kwenye Toyota nyingi ndogo ni nyutoni mita 103. Ukishatembea kilomita 50 hivi, zikague tena.

Nina neno kwa ninyi mnaoita fundi aje nyumbani. Kijana yule anakuja na begi la spana na jeki moja. Stendi hana, na kwa fedha unayompa hatakuwa nazo leo wala kesho. Anaokota jiwe kwenye maua yako, anaingia uvunguni. Wewe unamletea maji baridi na kiti cha kuwekea simu, kwa ukarimu kabisa. Jamani, huyo ni mgeni wako. Amelala chini ya mali yako, ndani ya uzio wako, na ana mama yake. Mwambie, "Mwanangu, ngoja, stendi hizi hapa." Akikwambia ni dakika moja tu, mwambie hizo stendi zinachukua dakika ngapi? Kama familia moja haiwezi, nyumba tano changeni mnunue jozi moja, ikae kwa mjumbe, anayehitaji aiazime. Ngazi tunaazimana, toroli la ujenzi tunaazimana.

Na likitokea la kutokea, gari limemkalia mtu, usijitupe uvunguni kumvuta, mtakuwa wawili. Piga ukunga majirani waje, tia kabari, leta jeki, unyanyue upande uliombana, na kila linapopanda kidogo sukuma tairi au mbao chini yake lisirudi. Mmoja apige 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Dakika ni chache sana, kwa hiyo anayepiga simu awe mwingine, anayenyanyua awe mwingine.

Nimesema mengi na Mwenyekiti ananitazama. Gari la jirani yetu liko pale kwenye sakafu ya ofisi, mwenyewe ameturuhusu. Wewe kijana mwenye fulana ya bluu, chukua hizo kabari nne. Dada, wewe shika spana, tunalegeza nati za mbele kushoto kwanza, gari likiwa chini. Wengine sogeeni, ila mkae mbali na ubavu wa gari.